Hori Si Rafu

Mimi ni fundi plasta, Toscana. Wateja hutaka ukuta mpya niuzeeshe: chokaa, rangi ya udongo wa Siena, boriti zichongwe kwa shoka. Katika nyumba hizi za zamani za mashambani walikaa wakulima waliomgawia mwenye shamba nusu ya mavuno. Mikataba mipya ya aina hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1964. Ng'ombe walikaa chini, watu juu, wapate joto lao.

Je, ni halali kununua sura ya dhiki bila dhiki? Fransisko wa Asizi aliuchagua ufukara, na kikanisa chake cha Porziuncola sasa kimo ndani ya basilika kubwa. Chokaa siilaumu, ukuta unapumua. Kinachonikera ni hori la ng'ombe hao kujazwa chupa za mvinyo. Horini alilazwa Mwokozi! Juzi niliambiwa nilitie taa za rangi. Nilikataa, nikaendelea na dari.