Kundi la Tatu

Ndugu zangu wa Garissa, wa Masalani na Ijara yote, ogopeni hila! Kisa cha watu wa Jumamosi mnakijua, kimo katika Sura ya Al-A'raf. Mji kando ya bahari. Jumamosi, siku ya mwiko wa kuvua, samaki wanaelea waziwazi, siku nyingine hawaonekani. Wafasiri wanatusimulia kwamba Ijumaa walitega, Jumapili wakazoa, kisha wakajisifu kuwa Jumamosi hawakugusa maji.

Sasa litazameni hori la Dodori. Mto ule wa msimu unateremka kutoka nyika za upande wetu huu, unapita msituni kwa Waboni, unaingia baharini Lamu katikati ya mikoko. Bamvua likijaa, maji hupanda hadi mizizini, na samaki wachanga huingia humo kula na kujificha wasimezwe na wakubwa. Maji yakipwa, hawana budi kutoka. Na mlango ni mmoja! Atakayeuziba kwa wavu wa macho madogo, au kwa chandarua, hana haja hata ya kulowa. Atakaa kivulini, bahari immiminie. Vitoto vya tafi, vitoto vya changu, mkizi wa urefu wa kidole: kiganja kimoja kinabeba ishirini, na wote hawatoshi kitoweo cha mtu mmoja. Naye atakuapia kwamba hakuvua, maji yamepwa tu.

Dodori ilitangazwa hifadhi mwaka 1976, na bahari ya Kiunga 1979. Vyema. Lakini tangazo halikeshi mlangoni mwa hori.

Mtaniambia, "Sheikh, sisi wafugaji, tuhubirie ngamia." La hasha! Katika mji ule palikuwa na makundi matatu: waliovunja amri, waliowakataza, na waliowaona wakatazaji wanapoteza pumzi bure. Waliovunja waligeuzwa nyani. Waliokataza waliokoka. Kundi la tatu Qur'ani haikutaja mwisho wake, na wanavyuoni wamehitilafiana juu yake hadi leo. Mimi nisingethubutu kulala humo hata usiku mmoja.

Basi semeni! Mwenye jamaa Kiunga au Mkokoni ampigie simu leo, kabla mwezi haujawa mpevu, amwambie auache mlango wazi. Na wewe mama, chandarua ulichopewa bure, hata akija mnunuzi na noti mkononi, usimuuzie. Mfunike mwanao.