Giaboksi Imekwisha

Fundi anafungua boneti, anasikiliza injini kwa nusu dakika, anaingiza gia, kisha anasema, "Bosi, hapa giaboksi imekwisha." Hajapima kitu. Lakini anaamini anachosema, na ukimtaka aape ataapa. Je, amedanganya?

Swali hili limenikaa kichwani tangu Mark II ya kaka yangu, GX 100 ya mwaka 1997, ilipogoma kuchanganya. Ukiweka D, inaondoka kama inavutwa kwa kamba mlimani, huku taa ya O/D OFF ikiwaka na kuzima kwenye dashibodi. Mwendo ukishakolea, inatembea vizuri tu. Gereji ya kwanza ilitoa hukumu niliyoitaja hapo juu. Giaboksi ya mtumba ingekula ada ya muhula ya watoto wawili, na gari lenyewe ndilo lililokuwa linaitafuta hiyo ada.

Hapa inabidi niingie kidogo kwenye mafuta. Giaboksi nyingi za otomatiki za Toyota za enzi hizo, zenye gia nne, hubadilishwa na solenoidi mbili: vali ndogo za sumaku zinazofungua na kufunga njia za oili kwa amri ya kompyuta. Solenoidi namba 1 ikipata umeme peke yake, uko kwenye gia ya kwanza. Zikipata zote mbili, gia ya pili. Ikipata namba 2 peke yake, gia ya tatu. Zikikosa zote, gia ya nne. Sasa fikiria umeme haufiki kabisa: kila ukiweka D, gari linaanza safari na gia ya nne. Aliyewahi kuondoka na gia kubwa kwenye gari la manyuali anaijua hali hiyo. Ukiwa umekaa kwenye usukani, huwezi kuitofautisha na giaboksi iliyokufa.

Na gari lilikuwa linasema. Chini ya boneti kuna kisanduku cha uchunguzi. Ukiunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya na kufungua swichi, taa ile ile ya O/D OFF inaanza kuhesabu. Mara sita, kimya, mara mbili: 62. Kisha 63. Namba hizo zinataja mizunguko ya solenoidi mbili. Mzunguko, si solenoidi. Zinakutajia mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe, na hapo ndipo hata wenye mashine za kisasa za kupimia wanapoteleza: wanasoma namba na kwenda dukani.

Fundi umeme wa pili, mzee wa maneno machache, alichomoa soketi ya kwenye giaboksi. Ndani yake kulikuwa na kutu ya kijani. Kabla ya kuichomoa alikuwa amepima kutokea upande wa kompyuta, na mita haikusoma kitu. Sasa akapima pini za upande wa giaboksi: omu 13, usomaji wa solenoidi nzima.

Kinachonisumbua ni hiki. Yule fundi wa kwanza angeshusha giaboksi, angelazimika kuichomoa soketi hiyo hiyo. Huenda wakati wa kuirudisha angeisugua, na gari lingepona. Angesema, "Si nilikwambia?" Na kaka angemshukuru. Gari zima, mteja ameridhika, fundi hana hatia moyoni, na kila walichokiamini ni uongo.

Mwaka 1877 Mwingereza William Clifford aliandika kuhusu mwenye meli aliyezizima shaka zake, akajiaminisha kwamba chombo chake kizee ni salama, akakiruhusu kiondoke na abiria. Meli ikazama. Clifford anamtia hatiani, na anaongeza jambo gumu zaidi: hata ingefika salama, hatia yake isingepungua, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichokiamini. Kwa kipimo hicho, fundi wetu hakudanganya, ila alifanya kosa la jamii moja na uongo.

Nakubaliana na Clifford kwa robo tatu. Robo iliyobaki ni ya pesa. Mwenye meli alikuwa na uwezo wa kulipia ukaguzi, akauepuka. Fundi wa chini ya mwarobaini nani anamlipa apime? Sisi wateja tunalipia kifaa na kazi ya kukifunga. Akitumia saa tatu kufuata waya kisha akasema "ni soketi", tunamwona mwizi. Akifunga kifaa cha laki kadhaa kwa saa hizo hizo, tunampa na ya soda. Tukikataa kulipia kujua, tunanunua kuotea, na anayeotea kwa sauti ya uhakika ndiye anayepata wateja. Simwondolei fundi lawama. Nasema tu kwamba katika kisa cha Clifford, mwenye meli anafanana zaidi na sisi.

Yule mzee alisafisha pini, akarudisha soketi, akafuta kumbukumbu ya kompyuta, wakaenda kuijaribu barabarani. Gia zote nne zikaingia. Akataja elfu arobaini. Kaka, kama tulivyozoea gereji, akaomba aoneshwe kifaa cha zamani kilichotolewa. Mzee akafuta mikono, akamgeuzia mita iliyokuwa imezimwa.

"Hakijatoka kitu, kijana wangu."