Mwandishi na Wasomaji Wake



Mwezi uliopita tuliandika katika kurasa hizi hadithi fupi ya binti aliyetoka kijijini kwenda Tunduma kutafuta kazi, akaishia katika nyumba ya wageni karibu na mpaka, mahali ambapo madereva wa malori hungoja siku nyingi kabla ya kuvuka kwenda Nakonde na kuendelea na safari ya Kongo. Hatukutaja jina la mtu wala la usharika. Hata hivyo barua zilitujia, wala si chache. Wengine walisema ya kuwa neno “kahaba” halifai kusomwa na watoto wa kipaimara. Wengine walitaka mwisho ubadilishwe, binti atubu, arudi kwao, afunge ndoa kanisani. Na mzee mmoja wa kanisa, ambaye twamheshimu sana, alitueleza kwa upole kwamba gazeti ni mali ya washarika. Basi washarika wasipolipenda neno, mwandishi hana budi kuliondoa.

Neno la mzee huyu ndilo lililotusumbua, maana lina sura ya haki. Mtu akipeleka kitambaa kwa fundi wa cherehani, fundi hushona kama alivyoagizwa. Akiambiwa mikono iwe mirefu, hawezi kuifupisha kwa kuwa yeye hupenda mifupi. Kwa nini mwandishi awe na uhuru ambao fundi hana? Twajibu kwamba msomaji hakumletea mwandishi kitambaa. Lakini tulipokwisha kujibu hivyo, tukaona jibu letu limepungukiwa, kwa sababu kitambaa cha hadithi ni maisha ya watu, na watu hao wapo. Jambo hili tutalirudia.

Sisi Walutheri hatuwezi kulipima shauri hili bila kumkumbuka Martin Luther mwenyewe. Agano Jipya lake la Kijerumani lilitoka mwezi wa Septemba mwaka 1522, na kabla ya mwaka kwisha Georg, mtawala wa upande mmoja wa Saksonia, alikuwa amelipiga marufuku katika nchi yake. Mwanachuoni Hieronymus Emser akamshtaki kwamba amekosea mahali pengi sana. Shtaka lililovuma kuliko yote lilihusu neno moja dogo, lenye maana ya “peke yake”, ambalo Luther aliliongeza katika mlango wa tatu wa Waraka kwa Warumi, penye habari ya imani na matendo. Neno hilo halimo katika Kiyunani. Washtaki wake walisema ya kwamba amethubutu kuongeza juu ya Maandiko, na shtaka kama hilo si dogo hata kidogo.

Mwaka 1530, akiwa katika ngome ya Coburg, Luther aliwajibu kwa barua ya wazi juu ya kazi ya kutafsiri. Hakukana. Alisema ajua vema kwamba neno halimo, walakini ndivyo Mjerumani anavyosema akithibitisha jambo moja na kulikataa la pili, tena maana ya mtume yalidai neno hilo. Akaeleza ya kuwa lugha haiulizwi kwa herufi za Kilatini, bali kwa mama aliye nyumbani mwake, kwa watoto njiani na kwa mtu wa kawaida sokoni. (Barua hiyo ina ukali mwingi na matusi ndani yake. Hatuwashauri wainjilisti wetu kumwiga katika hayo.)

Basi tuangalie vema. Mtu huyu aliyekataa kuwatii wasomaji wake wenye elimu ndiye aliyetega sikio kwa watu wa soko. Tena hakuiona kazi yake kuwa imekwisha. Aliketi na Philipp Melanchthon na wenzake wengine huko Wittenberg, akasahihisha tena na tena hata karibu na kufa kwake mwaka 1546. Mengi aliyabadili alipoonyeshwa kosa. Neno lile dogo hakuliondoa, maana hakuna aliyemwonyesha kosa ndani yake. Walimwonyesha hasira zao tu.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba kila mwandishi ashikaye neno lake hushinda. Hapa kwetu twamjua Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri, ambaye Agano Jipya lake la Kiswahili lilitoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Yeye aliona kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na kwamba mtu wa bara angelisikia Neno vizuri zaidi kama maneno mengi yenye asili ya Kiarabu yangeondolewa. Wengi walimpinga. Walisema maneno hayo yamekwisha kuwa ya Waswahili wenyewe, na kuyang'oa ni kuichanachana lugha. Roehl hakugeuka. Biblia yake ikapendwa katika sharika nyingi za bara. Lakini mwaka 1952 ilipotoka Biblia ya Muungano, hiyo ndiyo iliyoenea kila mahali. Je, Roehl alikosa kwa kushika njia yake? Sisi twaona kwamba katika hesabu ya lugha wapinzani wake walikuwa na haki kubwa, naye alikuwa na haki ya kutowatii. Wasomaji nao walikuwa na haki ya kuchukua kitabu kingine.

Katika siku zilizo karibu na zetu yuko Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe. Kitabu chake Rosa Mistika, kilichotoka mwaka 1971, ni habari ya binti aliyelelewa kwa fimbo na baba mlevi, akafika shuleni, akapotea. Kwa muda kilikatazwa mashuleni, kwa kuwa kilisema waziwazi mambo ambayo wazazi husema kwa kunong'ona, kama wanayasema. Baadaye kilirudishwa, kikafundishwa. Vivyo hivyo alipotoa mashairi yasiyofuata vina wala mizani katika Kichomi, mwaka 1974, malenga wengi walisema hayo si mashairi kamwe. Yeye aliendelea kutunga hivyo mpaka uzeeni. Sisi tulizoea vina tangu utoto, nasi twakiri kwamba mashairi yake hayatuingii kwa urahisi. Lakini habari za Rosa tulizisoma tukiwa na mabinti nyumbani, tukaona aibu kwa ajili ya fimbo.

Basi turudi kwenye barua zetu. Kuhusu neno “kahaba”, tumelifikiri, nasi tumeliacha. Rahabu ameitwa hivyo katika Maandiko bila kufichwa, naye yumo katika ukoo wa Bwana wetu, katika mlango wa kwanza wa Mathayo. Mtoto wa kipaimara husoma mlango huo. Kuhusu mwisho wa hadithi, hatuwezi kumrudisha binti nyumbani ili sisi tulale vizuri. Kila mtu aliyesimama jioni penye foleni ya malori pale Tunduma ajua wangapi hurudi. Na mzee wetu twamjibu kwamba gazeti ni la washarika kweli. Wakituona hatufai, na wamchague mwandishi mwingine. Lakini maadamu wametupa kalamu, wasitutake tuandike tusichokiona.

Ilikuwako barua moja ya namna nyingine. Iliandikwa kwa kalamu ya risasi na mama mmoja. Hakulalamikia neno wala mwisho. Alisema tu kwamba tangu hadithi itoke watu wanamnyoshea kidole sokoni, kwa ajili ya jambo fulani dogo tulilolieleza juu ya nyumba ya binti yule. Sisi tulikuwa tumechanganya habari za watu watatu, tukadhani yatosha. Haikutosha. Jambo lile lilikuwa la kwake, nasi tulilitwaa pasipo kumwuliza, kwa sababu lilipendeza katika kusimulia. Hapa uhuru wa mwandishi haukuwa na la kutetea. Hadithi itakapochapishwa tena katika kijitabu, jambo hilo halitakuwamo, na mahali pake hatutaweka kitu.

Barua mbili za wanaotupinga zitatolewa mwezi ujao, neno kwa neno, bila jibu letu. Kwa mama yule hatukuandika barua. Tulipanda basi mpaka Tunduma, tukaketi naye barazani hata jua likashuka, tukamwomba radhi. Hakusema mengi. Tulipoinuka kuondoka alituuliza, “Baba Mchungaji, yule binti wa hadithi, atarudi kwao?” Tukamjibu ya kwamba hatujui.