Faraja Bila Ngurumo?



Katika kikundi chetu cha tarumbeta hapa Bariadi limezuka swali ambalo mwanzoni tulidhani ni la nota tu, kumbe ni la dhamiri. Tumeona vema kuliweka mbele ya Wakristo wote wa mtaa.

Tulitaka kuupiga muziki uitwao Finlandia, wake Jean Sibelius, mtunzi wa Finland aliyefariki mwaka 1957. Aliuandika kwa okestra kubwa. Wapulizaji peke yao ni 19, mbali na wapiga fidla na ngoma. Sisi tu watu saba, na tarumbeta moja ina kitufe kinachokwama.

Mwenzetu mmoja alisema kupunguza kazi ya mtu namna hii ni kumvika mtu mzima shati la mtoto. Hofu hiyo haikutusumbua sana. Kwao Finland bendi za pembe saba ni desturi ya siku nyingi, na Sibelius mwenyewe aliziandikia tangu ujana wake. Tena ule wimbo mtulivu ulio ndani ya Finlandia huanzwa na wapulizaji, ndipo nyuzi huupokea. Taabu yetu ni pumzi. Uzi wa fidla hauvuti hewa, mtu huvuta. Basi tunapanga mmoja avute huku mwenziwe akiishikilia sauti. Hilo ni la mazoezi.

Swali gumu ni jingine. Watu wengi wanaujua ule wimbo mtulivu tu, nao ndio vikundi vidogo hupenda kupiga. Makanisa mengi huuimba kwa maneno ya faraja ya Katharina von Schlegel wa Ujerumani, aliyoyatafsiri Jane Borthwick kwa Kiingereza mwaka 1855, na wafiwa wengi wamefarijika kwa sauti hiyo. Lakini Sibelius hakuanza hapo. Muziki huu ulipigwa kwanza Helsinki mwezi Novemba 1899, Wafini wakiwa chini ya mfalme wa Urusi na magazeti yao yakibanwa. Huanza kwa vyombo vya shaba kunguruma, kama radi iliyo mbali upande wa ziwa. Kisha huja mapambano, na baadaye sana ule utulivu. Je, ni haki tuichukue faraja na kuiacha ngurumo?

Mzee mmoja wa kikundi alijibu kwamba mfiwa haji kanisani kufundishwa habari za Wafini. Akatukumbusha wimbo wetu wa Taifa: Enoch Sontonga aliutunga sauti yake mwaka 1897 kuwa wimbo wa dini, nasi tangu 1961 tunausimamia hata ukipigwa na bendi bila neno lolote. Wimbo ukisafiri, alisema, haulazimiki kubeba mizigo yote ya nyumbani.

Ana haki, nasi tulinyamaza kidogo. Hata hivyo twayajua ya misibani. Yuko yule afikaye na kumwambia mjane, “Nyamaza, usilie,” kabla mjane hajapata hata nafasi ya kulia. Maneno yake ni mazuri, ila yamefika mapema. Mkulima ambaye pamba yake imekauka shambani naye huambiwa haraka kwamba Mungu yupo. Anajua kwamba yupo. Alitaka kwanza mtu alitazame shamba. Zaburi ya 22 huanza kwa kilio na kuishia katika sifa, wala hatuisomi mwisho wake peke yake. Wala haturuki kutoka Jumapili ya Matawi mpaka Pasaka.

Kwa hiyo wengi wetu tumeona heri tuuache mwanzo mahali pake, hata tukiufupisha. Tutakayoyakata ni yale mapito ya mbio ya fidla, maana tukiyajaribu tutamwaibisha mtunzi na sisi wenyewe. Ngoma aliiandika mwenyewe, basi tutatumia ngoma zetu, za namna ile ile ipigwayo katika bugobogobo. Mazishini, familia ikiomba wimbo mtulivu peke yake, tutaupiga, lakini tutasema kwamba hii ni sehemu tu ya muziki wenyewe.

Mzee bado hajakubali. Naye ndiye mpiga tuba wetu, na bila yeye hakuna ngurumo, kwa hiyo mazoezi ya Alhamisi yatakuwa marefu.