TAFAKARI YA RAMADHANI, FUNGA YA 13: Jina la baba kwenye daftari

Alhamdulillah, Allah ametufikisha funga ya 13. Leo sitazungumzia daku wala usingizi wa mchana. Nazungumzia makaratasi. Usifunge simu kwanza, nisikilize.

Kabla mwezi haujaandama alinijia kijana mmoja baada ya Alasiri. Amenipa ruhusa kuyasimulia haya, majina nayaacha. Baba yake amefariki, na ndugu wamekubaliana kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo. Unajua wanachotaka pale: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, orodha ya warithi. Yeye alikuwa anatafuta uthibitisho wa ndoa ya mama yake. Cheti chenyewe kilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na nyumba ile ilipitiwa na tope la tarehe 3 Desemba 2023. Sisi wa Katesh hatuhitaji kuelezwa siku ile. Mlima ulishuka alfajiri, ukachukua watu wetu, na waliobaki wengi walibaki hata kipande cha karatasi cha kuonyesha wao ni akina nani hawana.

Basi nikatoa daftari la zamani la ndoa. Kurasa zake bado zimeandikwa Mkoa wa Arusha, maana Manyara haikuwepo mpaka mwaka 2002. (Hili liweke akilini ukitafuta habari za wazee wako. Babati ilikuwa ndani ya Hanang hadi 1985, na kabla ya hapo Hanang yenyewe ilikuwa Mbulu. Karatasi ya babu ikisema Mbulu au Arusha haina maana kwamba babu alikuwa mgeni hapa. Mipaka ndiyo iliyohama, mzee alikuwa amekaa palepale na ng'ombe wake.)

Tukafunua kurasa. Ndoa ya mama yake tukaipata. Lakini kabla ya hiyo, miaka kadhaa nyuma, jina la baba lilikuwepo tena, jina lilelile na la babu lilelile, na bibi harusi mwingine kabisa, wa Basotu. Kijana alinyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sheikh, huu ukurasa tuuache tu."

Sikumlaumu, na wewe usimlaumu haraka. Jiulize wewe ungesema nini.

Akarudi nyumbani, akakaa nalo kifuani siku nyingi. Mwishowe akamuuliza mama yake. Mama hakushtuka. Akamwambia, "Mtoto yupo. Wa kike. Walipoachana alichukuliwa na bibi yake akiwa bado mdogo." Miaka yote hiyo mama alikuwa anajua, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa hebu tupige hesabu, maana shetani anapenda tusipige hesabu. Tuseme shamba ni ekari 8, na madeni ya marehemu yameshalipwa. Mjane ana thumni, yaani ekari 1. Zinabaki 7 kwa watoto: wa kiume wawili, wa kike mmoja. Mafungu matano, kila mwanaume anapata ekari 2.8. Akiingia dada wa Basotu mafungu yanakuwa sita, kila kaka anapata ekari 2.33, na kila dada 1.17 hivi. Yaani kaka anapungukiwa na chini ya nusu ekari. Nusu ekari! Mahindi ya nusu ekari, kwa mvua zetu hizi, hata nyumba moja hayatoshi mwaka mzima. Na kwa hiyo nusu ekari mtu anataka kuingia kaburini na haki ya dada yake mkononi. Ukiisoma aya ya 7 ya Surat an-Nisaa utaona fungu la mwanamke limetajwa kama lilivyotajwa la mwanaume, na udogo wa mali haukukubaliwa kuwa sababu.

Ndiyo maana nawaambia, kutafuta habari za ukoo ni ibada. Ila nia iangaliwe. Wapo wanaotafuta nasaba ili waseme babu yetu alikuwa mtemi, au sisi ni Waarabu wa wapi sijui. Huo ni ujahili uliopakwa rangi. Mtume (s.a.w.) alituelekeza tujifunze nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu. Hadithi iko kwa Tirmidhi. Huwezi kumuunga usiyemjua.

Na masahaba waliandika. Sayyidna Umar (r.a.) alipoanzisha diwani, daftari la watu na mafungu yao kutoka hazina, aliwaita wajuzi wa nasaba, Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im, waorodheshe watu kwa koo zao. Wakamweka Umar karibu na juu kwa kuwa ni khalifa. Akakataa. Akataka waanze na jamaa wa Mtume, na yeye awekwe pale ukaribu wake wa damu unapomweka. Mtu ana kalamu ya dola mkononi na hajisogezi mstari hata mmoja! Sisi tuna kalamu ya kikao cha ukoo tu, na tunafuta jina la mtoto.

Turudi Basotu. Kijana alipanda gari akaenda, akaanzia kwa mtendaji wa kijiji, wazee wakamwelekeza. Dada alimpokea kwa ubaridi. Alidhani ameletewa karatasi ya kusaini kwamba hadai kitu, maana hayo ndiyo yanayowapata wengi. Alipoelewa, likatokea jingine: kwenye kitambulisho chake jina la baba ni la mjomba wake. Mjomba ndiye aliyemlea na kumwandikisha shule, akaandika alilokuwa nalo. Alifanya wema, Allah amlipe. Lakini Surat al-Ahzab aya ya 5 ipo. Zayd bin Haritha alilelewa na Mtume mwenyewe, watu wakimwita Zayd bin Muhammad, na ilipoteremka akarudishiwa jina la Haritha. Malezi bora kuliko yale hayapo, na bado jina la baba lilirudi. Sasa dada yetu anashughulika na hati ya kiapo, na mirathi haijaisha. Mwombeeni.

Wewe unayesoma, leo baada ya futari mtafute aliye mkubwa kuliko wote pale nyumbani, umuulize. Usimwulize "babu alikuwa nani" tu. Muulize babu aliitwaje kabla hajasilimu, maana wengi wetu wazee wao walikuwa na majina ya Kidatoga au Kiiraki, na kwenye karatasi za zamani utakuta Gida-fulani, hutakuta Ramadhani. Muulize bibi alijifungulia wapi. Kama ni Haydom, ile hospitali ya Walutheri ipo tangu 1955. Kama ni Dareda, ni ya Wakatoliki. Na kama bibi yako alibatizwa utotoni, jina lake na la wazazi wake linaweza kuwa kwenye kitabu cha parokia. Nenda kaulize kwa adabu, hakuna haramu katika kuuliza jina la bibi yako. Anayezaliwa sasa mwandikishe mapema, ofisi ya wilaya au hospitali watakuelekeza habari za RITA, na majina ya kwenye cheti yafanane na ya kwenye kitambulisho. "Juma" hapa na "Jumanne" pale itamtesa mwanao miaka thelathini ijayo.

Na muulize kama kuna mtoto ambaye hatajwi. Hili ni zito, najua. Usilifanye mbele ya watu wote kwenye mkeka wa futari. Kaa naye pembeni, mpe maji, subiri. Mzee akikaa kimya, usimlazimishe, rudi kesho.

Tangazo moja. Jumamosi hii baada ya Alasiri, inshaAllah, daftari la ndoa litakuwa mezani msikitini nami nitakuwepo mpaka karibu na futari. Akina mama mnakaribishwa, tutawapa nafasi ya upande wenu. Njoo na jina la baba yako, la babu yako, na mwaka kwa kukisia. Ukurasa utafunuliwa na mimi, utasomewa unaokuhusu, na simu zibaki mfukoni, maana humo kuna talaka na siri za watu ambao wajukuu wao mnaswali nao safu moja.