Kicheko na Staha

Fisi husemwa kuwa anacheka, lakini hajui anachokichekea. Mwanadamu hucheka kwa kujua. Na kwa kuwa anajua, kicheko chake kina hesabu. Chaweza kuwa sadaka, na chaweza kuwa jiwe. Msomaji mpenzi, tupime pamoja kicheko cha namna moja: kile kinachotoka mbele ya televisheni wakati mgonjwa wa akili, au msanii aliyevunjika moyo, anapofanywa kichekesho.

Televisheni ilianza kuonyeshwa Kenya mwaka 1962. Baadaye michezo kama Vitimbi na Vioja Mahakamani ikawa tunu ya watazamaji wa nchi nzima. Hapa Magarini, toka Mambrui hadi Marereni, mkulima na mfanyakazi wa mashamba ya chumvi hupumzisha mwili jioni kwa kutazama michezo ya kuchekesha, ya kwetu na ya ng'ambo. Hilo ni jambo jema. Lakini katika michezo mingi ya aina hiyo watu wawili hawakosekani. Wa kwanza ni mwendawazimu, mwenye matambara na maneno yasiyo mbele wala nyuma. Wa pili ni mshairi asiyesikilizwa, au mwimbaji anayefungiwa kila mlango. Wa kwanza huchekwa kwa kuugua. Wa pili huchekwa kwa kutumaini. Kuugua si kosa, wala kutumaini si kosa.

Mzaha huo hauishi pale mchezo unapokwisha. Mathari ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910, na Mirembe ya Dodoma ni hospitali; watu huenda huko kutafuta nafuu. Lakini majina yake yamegeuzwa kuwa matusi ya kuchekesha. Nani atakwenda kwa hiari mahali ambapo jina lake huchekwa? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 katika kila 8 duniani alikuwa na maradhi ya akili. Kwa hesabu hiyo, penye watazamaji 40, huenda 5 wakawa wagonjwa. Nao hucheka pamoja na wengine, pengine kwa sauti kubwa zaidi, wasije wakatambulikana. Usiku hurudi na siri yao, na siri huzidisha ugonjwa. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Tena, mchekeshaji mwenyewe si mtu asiye na majonzi. Robin Williams wa Marekani aliufurahisha ulimwengu kwa miaka mingi, akajitoa uhai mwaka 2014. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha kwamba maradhi yalikuwa yameushambulia ubongo wake. Kwetu, Benson Wanjau, aliyejulikana kwa jina la Mzee Ojwang', alivunja mbavu za Wakenya kwa zaidi ya miaka 30. Alipozeeka macho yake yalidhoofika, na ilibidi wananchi wachangishane fedha ili atibiwe. Alifariki Julai 2015. Michango ile ilikuwa heshima kwa waliotoa, lakini ilikuwa swali kwa taifa: kwa nini mtu aliyetupa furaha nyingi ahitaji huruma yetu uzeeni? Tunapomcheka msanii maskini katika mchezo, yafaa tukumbuke kwamba anayemwigiza huenda akawa ndiye.

Mtu aweza kuniambia: "Mwalimu, ukiondoa mzaha, huzuni itatusonga." Asema kweli. Kicheko ni dawa, na mchezo wa kuchekesha huingia katika nyumba ambamo hotuba ya daktari haiingii. Ndiyo sababu sitaki ugonjwa na masikitiko viondolewe katika michezo. Nataka viwekwe kwa haki. Mchezo waweza kumcheka jirani anayemkimbia mgonjwa, tajiri anayetaka wimbo bila malipo, na mganga wa uongo anayeuza matumaini. Vituko vyao havina upungufu. Na mgonjwa mwenyewe aweza kusema maneno ya kuchekesha, akiwa mtu mwenye jina, jamaa na akili zake nyingine timamu. Kipimo changu ni hiki: je, yule anayechezwa, akiwa ameketi kati yetu, angeweza kucheka pamoja nasi bila kujificha? Angeweza, mzaha ni halali. Asingeweza, tumemla nyama.

Nawe kijana, kipimo hiki hakingoji uwe mtunzi wa michezo. Darasani mwako yuko anayenyamaza siku nyingi, na yuko anayeficha daftari la mashairi kwa kuogopa kuchekwa. Usiwe wa kwanza kuwacheka. Muulize wa kwanza hali yake, na umsikilize mpaka amalize. Mwombe wa pili akusomee ubeti mmoja. Hujafa hujaumbika. Akili uliyo nayo leo ni amana, na kipaji ulicho nacho chaweza kukosa soko kesho. Siku hiyo utahitaji watu wanaojua kucheka, na wanaojua pia wakati wa kunyamaza.