Tangi Kwanza, Grainda Baadaye

Wanangu mafundi wa bodi, nyinyi wenye gereji kandokando ya barabara ya Namanga, kutoka Kitengela na Isinya hadi Kajiado mjini, haya nimeyasema mpaka sauti imechoka. Nayasema tena kwa sababu bado nasikia grainda ikilia kwenye gari ambalo tangi lake halijashushwa.

Kutu hujua kuchagua mahali. Hewa yetu kavu ya Kajiado haili bati upesi, kwa hivyo nyingi mnayoikata imeletwa. Imekuja na magari yaliyoishi Mombasa, na yale yanayoshinda Magadi kwenye vumbi la chumvi, na yale yaliyotoka Uingereza au kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Sheria hairuhusu kuingiza nchini gari la zaidi ya miaka 8, lakini miaka hiyo 8 inaitosha chumvi. Tairi la nyuma hurusha tope, tope hukaa ndani ya madigadi, na bati hutoboka hapo. Sasa nyuma ya bati hilo, upande wa kifuniko cha mafuta, pana nini? Pana shingo ya tangi na mpira mwembamba wa kutolea hewa, ambao ukizeeka hupasuka nyufa. Basi pale kutu ilipokula zaidi ndipo mvuke wa petroli unapovujia. Na ukikata kizingiti chini ya mlango, angalia kwanza sakafuni upande wa ndani. Paipu za mafuta kwenda kwenye injini mara nyingi hupita huko.

Mtaniambia, "Mzee, hili halina kitu, lilikuja taa ya mafuta ikiwaka." Hapo ndipo ninapochoka kabisa. Petroli ya majimaji haiwaki yenyewe. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Ukiwa chini ya asilimia 1.4 hivi haushiki, ukizidi kama asilimia 7.6 haushiki pia, kwa kukosa hewa ya kutosha. Kati ya hapo, cheche moja tu inatosha. Ndani ya tangi lenye petroli nyingi mvuke kwa kawaida umezidi kipimo. Mkilimimina na kuliacha wazi, hewa inaingia na kuushusha hadi palepale panapolipuka. Tangi mnaloliita tupu mimi naliogopa kuliko lililojaa.

Wala msidanganywe na baridi ya Julai. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata penye nyuzi 40 chini ya sifuri. Nao ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini, huingia kwenye shimo la gereji na kwenye mtaro, ukangoja. Wengine wenu mlikuwa watoto tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilipovuja na kuingia mtaroni kule Sinai, Nairobi, watu wakaenda kuichota. Moto ulipowashika walikufa watu wapatao 100.

Kwa hivyo, kabla ya kugusa bati: kama gari ni la injeksheni, toa fyuzi ya pampu ya mafuta, washa injini, uiache ifanye kazi mpaka izimike yenyewe, maana ndani ya paipu mafuta yamesukumwa kwa nguvu na yatakurukia. Kisha fungua waya hasi wa betri. Toa petroli ukiwa nje, kwa pampu ya mkono, uiweke kwenye chombo chenye kifuniko. Tabia ya kunyonya mpira kwa mdomo iacheni. Petroli ikiteleza kuingia mapafuni, hospitali inakungoja. Legeza mikanda, shusha tangi, liondoe kabisa. Ziba kila mdomo wa paipu uliobaki.

Uliweke wapi? Nyinyi mnaujua upepo wa tambarare hizi. Hubeba cheche kwenda mbele, na mvuke vilevile hupeperushwa. Tangi likae kando, mbali, lisiwe kwenye njia ya upepo unaopita juu ya kazi yako. Cheche za grainda huweza kuruka mita 10 na zaidi. Kwa hivyo fyeka nyasi kavu, toa viti na kapeti, kwangua lami iliyopakwa chini ya bodi, kwa sababu nayo huwaka.

Na si kila kipande kinahitaji grainda. Karibu na shingo tumia mkasi wa bati, patasi, msumeno wa chuma. Zile nukta za kuchomelea zitoboe kwa drili, polepole. Tangi lenyewe likiwa na kutu, tafuta jingine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakataza kulichomelea au kulikata kabla ya kuondoa kila kinachoweza kuwaka, na suuza moja ya sabuni haiondoi.

Kizimamoto cha poda kiwe karibu. Maji husambaza petroli inayowaka. Mmoja asimame kuangalia tu, hata kama mtamcheka kwamba hana kazi, na abaki saa moja baada ya cheche ya mwisho. Sponji iliyofichika ndani ya bodi huweza kufuka kwa muda huo kabla haijatoa ulimi wa moto.

Najua anayewaharakisha. Mwenye gari anataka kuondoka nalo jioni, na kushusha tangi kunakula nusu siku. Basi mwandikie kwenye bei: kushusha na kurudisha tangi, na malipo yake. Akikataa, mwache apeleke gari kwa fundi wa jirani. Halafu nenda wewe mwenyewe kwa huyo jirani ukamwambie kwamba tangi bado limo.